Vyumba Vilivyofungwa vya Manowari

Hofu zangu nyingi ni za kijinga, nazijua. Naogopa kuitwa ubaoni. Naogopa kuagiza kitu dukani watu wakiwa wengi, kwa sababu lazima upaze sauti, na sauti yangu ikipazwa hukatika katikati. Mama husema nilizaliwa nikiomba radhi. Lakini hofu ninayoiandika hapa haikuwa ya namna hiyo. Hii ilikuwa na sababu, tena sababu ya darasani kabisa, na katika nyumba yetu nzima aliyekuwa nayo ni mimi peke yangu.

Niliogopa kwamba kaka yangu ataingia ndani ya manowari na hatatoka.

Najua inachekesha. Sisi ni watu wa Kigali. Hapa hakuna bahari, hakuna hata reli. Kaka yangu hajawahi kupanda chochote kinachoelea zaidi ya boti ya ziwani, na siku hiyo alitapika. Lakini tangu tukiwa wadogo, yeye na mimi tuna ugonjwa mmoja: tunapenda vyombo vikubwa ambavyo hatutavipanda. Yeye manowari, mimi treni za kasi. Baba akirudi kutoka kwenye cherehani yake Biryogo, tulikuwa tunamnyang'anya simu na kutazama video mpaka moto wa betri uishe, kisha tunabishana.

"Treni yako ni basi refu," kaka alikuwa akisema.

"Meli yako ni sufuria yenye bunduki."

Mimi nilipenda jinsi treni inavyochorwa. Pua yake inarefushwa na kuchongwa ili ikiingia kwenye handaki isiisukume hewa yote mbele na kutoa mlio wa bomu upande wa pili. Magurudumu yake yanapimwa na kuchongwa upya kila yakilika. Katikati ya umri wake inaingizwa karakana, inavuliwa viti, nyaya, sakafu, kila kitu, halafu inavalishwa vipya na kurudi kazini. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mhandisi anayeichora leo tayari ana wazo la wakati itakapostaafu. Anaichora pamoja na uzee wake.

Kaka hakujali uzee. Yeye alipenda vyumba. Manowari, alinifundisha yeye, imegawanywa ndani kwa kuta za chuma, vyumba juu ya vyumba, na chini kabisa kuna vyumba vingine ambavyo hakuna mtu anayekaa humo, vimefungwa tu, vina hewa. Ikipigwa kombora ikatoboka, maji yanajaa chumba kimoja na kingine kinabaki kikavu. "Unaona?" alikuwa akiniambia, macho yanang'aa kama vile aliichora yeye. "Hata ukiitoboa, inaelea. Ni vile vyumba ndivyo vinaiokoa."

Basi tukakua. Mimi nikabaki shule. Yeye alimaliza kidato cha tatu, akaenda Gatsata kwenye gereji, kukata magari yaliyokufa. Gatsata ukipita barabarani unaona vipuli vimetundikwa kama nguo: milango, bampa, viti. Nyuma ya hivyo vipuli ndiko kaka anakofanya kazi na moto wa gesi, na bosi wake ni mzee mmoja wa Kikongo ambaye wote wanamwita patroni.

Patroni anajulikana kwa pua yake. Si mzaha. Pale gereji hakuna anayewasha moto karibu na tangi la mafuta mpaka yeye ainame, aweke pua kwenye mdomo wa tangi, afumbe macho kidogo, kisha aseme "jaza maji" au "kata." Tangi likinuka linajazwa maji kwanza, halafu linakatwa. Lisiponuka linakatwa hivyo hivyo. Wamefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyeungua. Kaka alimheshimu yule mzee kuliko alivyomheshimu baba, na baba alijua.

Kisha ikaja kazi ya pwani.

Kuna mtu alikuwa amenunua manowari kuukuu ya doria, ndogo, iliyostaafu, ili auze chuma chake. Alihitaji wakataji. Mtu akamjua mtu, habari zikafika Gatsata, na patroni akachagua vijana watatu wa kwenda naye. Mmoja alikuwa kaka. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa hawezi kukaa. Alizunguka uani, akaingia, akatoka. "Dada, manowari! Ya kweli! Nitaishika kwa mikono!"

Nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka siku ya Alhamisi.

Alhamisi tulikuwa na kemia. Mwalimu alituonyesha jaribio lililowasinzisha wenzangu kwa sababu halina moshi wala mlipuko. Unachukua waya mwembamba wa kusugulia sufuria, unaulowesha, unausokomeza kwenye kitako cha glasi, unaigeuza glasi kichwa chini ndani ya sahani ya maji. Unaacha. Waya unapata kutu, na kutu inapokua inakula oksijeni ya ile hewa iliyofungiwa, na maji yanapanda ndani ya glasi kujaza nafasi yake. Mwalimu akasema hewa iliyobaki humo haifai kitu, ukiingiza kiberiti kinazima. Akapangusa ubao, akaendelea na mengine.

Mimi sikuendelea. Nilikuwa nimeshafika pwani. Nilikuwa naona vile vyumba vya chini kabisa, chuma pande zote, unyevu ndani, kutu miaka na miaka, na mfuniko haujafunguliwa tangu askari wa mwisho aliposhuka. Vile vyumba vilivyoiokoa manowari ujanani. Na nikamwona patroni anainama, anafumba macho, ananusa.

Hewa isiyo na oksijeni haina harufu yoyote. Nilijua atasema "kata."

Nilitaka kumuuliza mwalimu. Nilibaki kwenye kiti mpaka darasa likaisha, nikamfuata hadi mlangoni pa ofisi ya walimu, nikasimama. Akaniuliza, "Ndiyo?" Nikasema, "Hakuna, mwalimu." Nikarudi. Ndivyo nilivyo. Usiku wa leo naweza kuandika kurasa, lakini mtu akinitazama usoni maneno yanarudi tumboni.

Basi nikatafuta mwenyewe kwenye simu ya mama. Nikasoma kuhusu meli, kuhusu matangi, kuhusu vyumba vilivyofungwa. Yote yalisema kitu kimoja kwa namna tofauti. Mtu huingia, hatembei mbali, anaanguka bila kulalamika. Kisha mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Kisha wa tatu. Nilizima simu nikaiweka chini ya mto kama vile yenyewe ndiyo yenye hatari.

Nyumbani kwetu, mtu akishasema anasafiri, midomo ya nyumba nzima hubadilika. Hakuna kutaja kufa, hakuna kutaja ajali wala ugonjwa. Kikombe kikivunjika, mama husema "kheri, kheri" na kuokota vipande akitabasamu kwa nguvu. Siku yenyewe ya safari hakuna kufagia mpaka mtu afike, usije ukamfagia njiani. Mama analiamini hilo kwa moyo wote, na hata baba, ambaye hujifanya haamini, huficha fagio. Kwa hiyo ningeingiaje sebuleni na kusema: kaka anaweza kufa?

Nikaona afadhali glasi iseme badala yangu. Nikachukua waya wa sufuria, nikauosha kwa siki kidogo, nikatega glasi kwenye rafu ya jikoni. Kila nikitoka shule nilikwenda kuitazama kabla sijavua viatu. Maji yalipanda. Taratibu, kama kitu kinachonyata, yalipanda ndani ya glasi bila mtu kuyagusa, na waya ukageuka rangi ya damu kavu.

Nikamwita kaka. Nikafunika mdomo wa glasi kwa kiganja, nikaigeuza, akawasha kiberiti akakishusha ndani. Kikazima papo hapo. Akawasha kingine. Kikazima.

"Nusa," nikamwambia.

Akanusa. "Inanuka siki."

"Siki ni yangu mimi. Mbali na siki?"

Akanusa tena, muda mrefu, kama patroni, macho kafumba. Kisha akaiweka glasi mezani. "Hakuna kitu," akasema.

Wakati huo mama akaingia. Alipoona glasi, sahani, viberiti vilivyozimika na sisi tumeinamia meza, akashika kifua. "Ninyi mnafanya nini humu? Nani ametega glasi kichwa chini nyumba yenye msafiri?"

"Mama, ni kemia."

"Kemia ndiyo inazima moto? Mwaga! Mwaga nje, siyo kwenye sinki!"

Kaka akaimwaga. Nikafikiri imetosha, ameona kwa macho. Lakini kesho yake nikamsikia anamwambia rafiki yake kwenye simu, "Tutaingia na patroni, hakuna shida, patroni iko na pua." Ndipo nikaelewa. Glasi aliiona, ndiyo. Lakini glasi ilikuwa yangu, na mimi ni mdogo wake anayeogopa muuza mkate.

Jumapili kabla ya safari wazazi wakaandaa dua. Baada ya dua ilikuwa pilau, na majirani wachache, na patroni amekaa kwenye kiti kikubwa ambacho kwa kawaida ni cha baba. Mimi nilikuwa nagawa chai. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye kila shughuli: mtu mwenye chupa ya chai mkononi haulizwi maswali.

"Pua ya patroni," kaka alikuwa anawaambia watu, "mashine haiwezi."

"Weka mtungi wa gesi nyumba ya pili," patroni akasema, "miye nitakuambia umebakia nusu."

"Na mkeo akipika maharage?" jirani mmoja akauliza.

"Hiyo hata bila pua nayajua. Ni kila siku." Watu wakacheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na mwenye huruma pia. Alikuwa amemletea mama kitenge.

Baba akauliza, kwa ile sauti yake ya kutotaka kuonekana ana wasiwasi, "Na huko melini, mzee, mtakuwa mnaingiaje?"

"Kama tangi ya lori, fundi. Tunafungua mfuniko, miye ninainama, ninanusa. Ikinuka mafuta, tunaosha. Kama hainuki, vijana wanaingia na moto. Kazi imekwisha."

"Isiponuka ndiyo mbaya," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimesema kwenye kikombe. Nikasema tena, na safari hii ikatoka kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyekanyagwa. "Isiponuka ndiyo mbaya!"

Sebule nzima ikageuka. Niliona macho ya mama.

"Binti anasema nini?" patroni akauliza, bado anatabasamu.

Naona aibu kuandika, lakini chai ilikuwa inamwagika kwenye zulia na sikuweza kuizuia. "Chuma kikipata kutu kinakula hewa," nikasema. "Ile tunayoivuta. Chumba kikifungwa miaka mingi kinabaki na hewa ambayo... ambayo haifanyi kazi. Mtu akiingia anaanguka."

"Na hiyo hewa inanuka namna gani?"

"Hainuki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Patroni akamgeukia baba. "Fundi, umesikia? Miaka yote miye ninapigana na vitu vinavyonuka. Leo mtoto wa shule ananiletea adui hanuki, haonekani, halii. Sasa huyo nitamjua aje? Nimwamkie, hodi, uko humo?"

Watu wakacheka mpaka jirani mmoja akapaliwa. Mama hakucheka. "We mwana," akasema polepole, "rudi jikoni."

Nilikuwa naondoka. Wallahi nilikuwa nimeshageuka. Ndipo kaka akasema, akiangalia chini, "Patroni, ile glasi yake mimi niliiona. Kiberiti kilizima."

Kicheko kikapungua. Patroni akamtazama kaka, akanitazama mimi. Nikapata upenyo mdogo nikasema mbio mbio, "Kuna mashine ya kupima hewa, ndogo, ya mkononi, mwaombe wenye meli. Na kama hawana, mpulize hewa ndani kwanza kwa kompresa, muda mrefu. Na anayeingia afungwe kamba kifuani."

"Kamba?"

"Wa nje wamvute."

"Basi!" patroni akapiga paja. "Nitafungwa kamba. Kama mbuzi wa Idi. Nitapiga na picha nimtumie mtoto, afurahi, alale." Na kicheko kikarudi, nami nikakimbilia jikoni.

Mama alinifuata. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Mwanangu anasafiri," akasema, "na wewe mbele za watu unamtabiria. Kama huna zuri la kusema, si unajua kunyamaza? Si ndiyo kazi yako miaka yote?" Nikalia juu ya sahani.

Kaka alinikuta bombani nje, naosha vyombo. Akachukua kitambaa akawa anafuta. Kulikuwa na jambo moja bado, baya kuliko yote, na nilijua nisipolisema hapo sitalisema tena.

"Mtu akianguka mle ndani," nikasema, "usimfuate."

Akaacha kufuta. "Unasema?"

"Hata akiwa patroni. Usiingie. Vuta kamba, pigeni kelele, pulizeni hewa, lakini usiingie."

"Nimwache patroni afe?"

"Wasife wawili. Wanaokufa wengi ni wale wanaoruka kuokoa."

"Hiyo ni dini gani, sha, dada yangu? Yule mzee amenifundisha kazi. Alinilisha mimi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unaweza kusimama pale juu unamwona mtu wako chini, umekunja mikono? Kweli?"

Nikasema tu, "Niahidi."

Akaweka sahani juu ya nyingine, akaingia ndani. Hakuahidi.

Wakaondoka asubuhi kupitia Nyabugogo. Mama hakufagia.

Kisha zikaanza jumbe za sauti. Shule haturuhusiwi simu, kwa hiyo nilizisikiliza jioni kwenye simu ya mama, naye akiwa pembeni anamshukuru Mungu kila kaka akipumua. Kaka alikuwa na furaha ya mtoto. Meli ni ndogo kuliko alivyodhani lakini ni ya kweli. Ni ya kijivu. Namba ubavuni wameikwangua lakini ukisimama upande wa jua unaiona. Milango ina magurudumu ya kuzungusha, kama kwenye video zetu! Chini ya tumbo lake kuna vipande vya zinki vilivyopachikwa ili maji ya chumvi yavile hivyo na kuacha chuma, na vimelika mpaka vimekuwa kama sabuni ya mwisho. "Unajua inaniuma kuikata," alisema katika ujumbe mmoja, na nyuma yake nilisikia nyundo.

Mama alisikia furaha. Mimi nilisikia mpangilio. Manowari inakatwa kutoka juu kushuka chini. Kwanza mlingoti. Kisha chumba cha nahodha. Kisha sitaha. Kila ujumbe ulikuwa ngazi moja chini zaidi, na mimi nilijua mchoro wake, alinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nilijua wanakoelekea. Nilikuwa nakaa darasani nawaza wamefika wapi. Wenzangu wakigonga dawati nashtuka. Niliuliza kwa maandishi: mashine ya kupima ipo? Akajibu kwa sauti, "Wanasema italetwa." Nikauliza tena siku nyingine. "Italetwa, dada, wewe pumzika." Siku iliyofuata akatuma picha: patroni amefungwa kamba kifuani, ametoa ulimi, anajifanya mbuzi. Nyuma yake mfuniko wa duara, umefunguliwa, na ndani yake weusi.

Niliitazama ile picha mpaka mama akaninyang'anya simu. Nilikuwa nimeandika "msiingie" na kutuma. Ilibaki na tiki moja, haijamfikia.

Tiki moja jioni hiyo, na asubuhi nilipoomba simu kabla ya shule, bado tiki moja. Sikumbuki walifundisha nini siku ile. Niliporudi, mama alikuwa ameketi kitandani na simu mapajani, viatu vya kutokea miguuni, kama mtu aliyetaka kwenda mahali akasahau wapi. Nikashika mlango.

"Yuko hai," mama akasema. "Kaka yako yuko hai. Ni mzee."

Mengine kaka alinisimulia mwenyewe, aliporudi na patroni kwa basi, siku kadhaa baadaye. Alisimulia mara moja tu.

Patroni aliinama kwenye mfuniko, akafumba macho, akanusa, akasema, "Safi." Kamba alikuwa bado nayo. Alikuwa ameizoea kama mzaha, kila akiingia mahali anawaambia nifungeni, mtoto asije akanigombeza. Akashuka ngazi akiimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Hakupiga kelele. Walipomulika tochi, alikuwa amelala chini ya ngazi kama aliyesinzia, na anahema kwa sauti, ile ya mtu anayekoroma.

Wenzake wawili wakaruka kwenda kwenye mfuniko. Kaka akalala juu yake. Ndivyo alivyosema, alijilaza juu ya tundu kwa tumbo lake, na wao wanampiga mateke ya mbavu na kumwita muuaji, mchawi, mbwa. Akawa anapiga kelele: vuteni kamba, vuteni kamba! Mwishowe wakavuta. Mzee akainuka kidogo, kisha kamba ikanasa kwenye pembe ya chuma huko chini. Ikagoma. Mtu mmoja tu angeshuka ngazi chache, angeinasua.

"Nilikuwa nasikia anahema," kaka alisema. "Nilikuwa nasikia kila pumzi. Na sikuingia."

Walilegeza kamba wakavuta tena, wakalegeza wakavuta, mmoja akakimbia kuleta bomba la kompresa na kulishusha likavuma humo ndani, mpaka kamba ikajinasua. Wakamtoa. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Hospitali akazinduka siku ya pili.

Patroni anaishi. Nimekwenda kumsalimia na mama, tukapeleka matunda. Anatembea, anakula, lakini anaanza sentensi na kuipoteza njiani, na alimwita kaka kwa jina la mtu mwingine. Aliponiona alinitazama sana, nikajua anatafuta mzaha. Hakuupata. Akanishika mkono tu. Mama njia nzima ya kurudi hakusema neno, na tulipofika alinipa nyama yake kwenye sahani yangu, jambo ambalo kwa mama ni hotuba ndefu.

Nilidhani hofu itaisha hapo. Haikuisha. Mwenye meli amepiga simu: mashine ya kupima imeletwa, wanataka wakataji warudi, vyumba vya chini bado vyote. Patroni hawezi. Anayeijua kazi ni kaka. Amesema atakwenda.

Jana alasiri alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, anafunga begi. Wale wenzake wawili hawajamsalimia vizuri mpaka leo, ingawa mzee yuko hai. Mmoja amesema kwa watu kwamba kaka ana roho ya jiwe. Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumwambia alifanya sawa, lakini nilivyomwona nikaona neno hilo halina mahali pa kukaa.

"Nikuulize," akasema, bila kunitazama. "Ungekuwa wewe mle chini. Ungetaka nifanye nini?"

"Usiingie."

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Usiingie."

Akavuta zipu ya begi ikakwama, akairudisha, akaivuta tena.

"Ningeingia," akasema.

Akasimama, akaenda kumuuliza mama kama kuna chai. Mimi nikabaki kwenye ngazi, na mikono yangu ilikuwa ya baridi, mchana kweupe, jua lote likiwa juu yangu.